Moto Mmoja, Kazi Tatu: Kuunganisha Boila ya Kuni na Nyumba Zetu

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Ogwedhi. Tunayachapa kama yalivyotolewa ili kila kikundi kiyasome polepole na kuyajadili.



 Kuna swali moja ambalo limekuwa likitufikia kutoka kwa vikundi: je, tuchange pesa tununue boila ya kuni, ile inayochemsha maji na kuyapeleka kwa paipu mpaka bafuni, jikoni, na hata kwenye banda la vifaranga?

Swali ni zuri. Watu wa sehemu za baridi kama Limuru na Eldoret wamekizoea chombo hiki, na wengi wanakiita kuni boosta. Huko Ulaya na Marekani, ambako theluji huanguka, boila ya maji ya moto ndiyo moyo wa nyumba nyingi: moto unawaka mahali pamoja, na paipu zinapeleka joto katika kila chumba. Kwetu hakuna theluji, lakini kuna wazee ambao mifupa inawauma ikifika Julai, kuna mama aliyejifungua jana anayehitaji maji ya kuoga, na kuna vifaranga wanaokufa kwa baridi ya usiku.

Hatukuja kuuza boila. Tumekuja ili mpate maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kumpa pesa. Pesa ya kikundi ni jasho la watu waliouza mahindi na maziwa. Tena chombo hiki kikiunganishwa vibaya, hakiharibu pesa tu. Kinaua.

1. Jiko la makaa si la kulala nalo

Tuanze hapa, maana ndipo hatari iko karibu zaidi. Baridi ikizidi, wengine huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, halafu haamki. Karibu kila mwaka katika nchi yetu tunasikia familia imepatikana hivyo asubuhi.

Msidanganyike eti makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana neno. Moshi ukiisha, sumu bado ipo. Vivyo hivyo kwa banda la vifaranga: mama anayeingia usiku kuwaangalia anavuta hewa ile ile.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya maji ya moto ni hii: moto unabaki nje, joto peke yake linaingia ndani.

2. Somo la banda la tumbaku

Jambo hili si geni kwenu. Migori imelima tumbaku kwa miaka mingi, na wengi hapa wamekesha kwenye banda la kukaushia. Mnakumbuka lilivyojengwa: mdomo wa moto uko nje, bomba kubwa la bati linapita ndani likiwa na joto, na moshi unatoka kwa bomba la kutolea moshi. Majani yanakauka bila kuguswa na mwali. Boila inafuata wazo hilo hilo, ila badala ya moshi wa moto kupita ndani, yanapita maji.

Banda la tumbaku lilitufundisha jambo lingine pia, tena kwa uchungu: moto usiopimwa hula miti. Vilima vingi vya upande huu vimebaki vipara. Tukileta boila inayokula kuni vile vile, tutakuwa tumebadilisha jina la mzigo tu, na mgongo unaoubeba ni ule ule wa mama.

Neno moja kwa wale walio na mabomba ya zamani ya banda: yale ni ya moshi. Bati lake ni jembamba na maungio yake hayazuii maji. Yatumieni kwa bomba la kutolea moshi kama hayajaoza. Msiyatie maji.

3. Maji ya moto hupanda yenyewe

Angalieni sufuria ya maji ya chai ikiwa motoni. Maji ya chini yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Huo ndio msingi wa kazi yote. Maji ya baridi yaingie chini ya pipa, maji ya moto yatoke juu. Fundi akipanga paipu kinyume cha hivyo, mtachoma kuni na kuoga maji vuguvugu.

Kwa nguvu hiyo ya kupanda, maji yanaweza kuzunguka kutoka kwa boila hadi chumbani na kurudi bila pampu. Masharti ni matatu. Boila ikae chini kuliko mahali panapopashwa joto. Paipu iwe pana, isipungue inchi moja. Na paipu ipande mfululizo ikienda, ishuke mfululizo ikirudi, kwa sentimita 2 au 3 kila mita. Ikiwa na kibonde au nundu katikati, hewa itakwama hapo na maji yatasimama, kama msafara wa ng'ombe unaokuta daraja limevunjika.

Mtu akiwaambia mnunue pampu ya umeme, mwulizeni: stima ikipotea usiku na kuni zinawaka, itakuwaje? Jibu ni kwamba maji yatasimama juu ya moto na kuchemka. Kwa hali yetu, ni afadhali mzunguko unaojiendesha.

4. Hesabu ya kuni

Sasa chukueni kalamu. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji joto lililomo katika kilo 1 hivi ya kuni zilizokauka vizuri. Hiyo ni kama hakuna kinachopotea, na daima kuna kinachopotea. Kwenye mafiga matatu, katika sehemu kumi za joto, ni moja au moja na nusu tu inayoingia kwenye maji. Nyingine inaenda na upepo. Kwa hiyo lita 100 zitakula kilo 7 hadi 10. Pipa likizungushiwa ukuta wa matofali na udongo, mdomo wa kuni ukawa mdogo, na moshi ukalazimika kulilamba pipa kabla ya kutoka, kilo 3 au 4 zitatosha.

Mnaona? Pipa ni lile lile na maji ni yale yale. Tofauti ni ukuta wa udongo, na udongo hatununui.

Kuni mbichi ni hasara nyingine. Kabla hazijapasha maji yenu, zinachemsha kwanza maji yaliyomo ndani yao wenyewe. Zipasueni ndogo, zikae chini ya paa miezi kadhaa.

Tena pimeni mahitaji. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akioga lita 10 za maji ya nyuzi 40, inahitaji lita 60 zilizochanganywa. Nusu yake ni ya moto wa nyuzi 60, yaani lita 30 tu. Ongezeni ya vyombo, mnafika lita 50. Basi kwa nini mtu auziwe pipa la lita 200? Pipa kubwa linadai kuni kila siku hata kama mnaoga wawili, na likijaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, kwa hiyo linahitaji msingi wa kweli wa mawe.

5. Sheria isiyovunjwa: boila ipumue

Sikilizeni hapa kwa makini, na asiyefika leo aambiwe na mwenzake.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 80 zinakaribia lita 103. Hizo tatu zinataka pa kwenda. Na maji yakichemka, lita moja ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Pipa lililofungwa pande zote juu ya moto ni bomu. Litavumilia leo, litavumilia kesho, na siku mtoto anapopita litapasuka.

Kwa hiyo:

Kila boila iwe na paipu ya kupumulia, inayotoka sehemu ya juu kabisa ya pipa na kupanda ikapita usawa wa maji katika tangi la juu. Mdomo wake ubaki wazi na uelekee ndani ya tangi.

Paipu hiyo isiwekwe mfereji, valvu, kizibo wala kitambaa. Hata kwa siku moja.

Paipu ya maji ya baridi inayoshuka kutoka tangini isiwekwe valvu ya kuzuia maji kurudi, maana maji yakitanuka hurudi kwa njia hiyo. Mfereji wa kufungia wakati wa matengenezo unaruhusiwa, lakini unafungwa moto ukiwa umezimwa na pipa limepoa.

Msikubali mtungi wa gesi uliotumika ugeuzwe boila. Msikubali pipa lililobeba dawa za shambani au kemikali, hata likioshwa mara kumi.

Moto usiwashwe kabla maji hayajaonekana yakitoka kwenye mfereji wa juu. Pipa tupu likipata moto mkali halafu likamiminiwa maji baridi, maungio yake hupasuka.

Fundi asiyetaka kuweka paipu ya kupumulia, mshukuruni kwa heshima na mtafute mwingine.

6. Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza: mimina baridi, pokea moto. Hii ni ya nyumba isiyo na maji ya bomba, na wengi wetu tuko hapo. Pipa dogo linalazwa juu ya jiko la udongo. Paipu moja yenye mdomo wa mrija mpana inashuka mpaka karibu na chini ya pipa. Paipu ya pili inatoka juu na kuinama nje, bila mfereji. Mdomo wa kumiminia uwe juu kuliko mdomo wa kutokea. Ukimimina debe la baridi, debe la moto linasukumwa nje. Kwa sababu mdomo wa kutokea uko wazi daima, hakuna nguvu inayojikusanya. Ni rahisi, fundi wa kawaida wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, na jiko lake linaweza kuivisha nyoyo huku likipasha maji. Kikundi kinachoanza, kianzie hapa.

Njia ya pili: bafu na jikoni kwa paipu. Hii inahitaji tangi la maji ya baridi lililoinuliwa juu ya boila na juu ya bafu. Maji ya baridi yanashuka hadi chini ya pipa, ya moto yanatoka juu kwenda kwenye mifereji. Paipu ya kwanza kutoka kwenye boila iwe ya chuma. Mbele yake inaweza kufuata ile ya PPR iliyotengenezwa kwa maji ya moto. Ile ya PVC ya kawaida hulegea kwa joto, haifai. Fungeni paipu kwa magunia makavu au nyuzi za migomba na kuzifunika zisilowe mvua, kwa maana paipu ndefu iliyo uchi inapasha kiwanja. Bafu likiwa karibu na boila, mmeokoa pesa na kuni kwa pamoja.

Njia ya tatu: mzunguko wa joto. Hapa hatuchoti maji, tunachota joto. Maji yanatoka kwa boila, yanapita katika paipu ukutani mwa banda la vifaranga, yanarudi. Si jambo jipya: katika miaka ya 1770 Mfaransa aliyeitwa Bonnemain alitumia maji ya moto yanayozunguka katika mabomba kuangulia vifaranga karibu na Paris, kabla watu wengi hawajayatumia kupasha vyumba vyao. Kifaranga katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, halafu mnapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Tundikeni kipimajoto kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu darini. Na muwatazame wenyewe: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kutweta joto limezidi.

Maji ya kuzunguka na maji ya kuoga yasichanganywe. Mkichota maji ya mzunguko, kiwango kinashuka, hewa inaingia, mzunguko unakatika na vifaranga wanapoa. Tena maji yale yanakaa muda mrefu na kutu, hayafai kwa vyombo. Kama mnataka moto mmoja ufanye kazi zote, fundi aweke koili ya paipu ya shaba ndani ya pipa. Maji ya pipa yanazunguka bandani, na maji ya kuoga yanapita ndani ya koili, yanachukua joto bila kugusana na yale mengine. Hiyo ndiyo namna ya kuunganisha mifumo miwili kwenye boila moja. Gharama yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo ifuate baada ya njia ya kwanza kuzoeleka.

Je, tupashe joto vyumba vya kulala namna hiyo? Kwa nyumba zetu za mabati zisizo na dari, joto litapanda na kutoka. Afadhali mzibe nyufa, muweke dari hata ya mikeka, na mzee apewe mfuko wa mpira wa maji ya moto uliofungwa kwa kitambaa. Mtoto mchanga asiwekewe maji ya moto kitandani. Yeye alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Nyamrerwa wenu atawaonyesha.

Tusisahau jua, ambalo hapa kwetu karibu na ikweta halina msimu wa kujificha kabisa. Paneli ya kupasha maji ikiwekwa kwa mwinamo, na tangi lake likiwa juu yake kidogo ili maji ya moto yasirudi chini usiku, itazunguka yenyewe kama tulivyoeleza. Maji hayo yakiingia kwenye boila yakiwa na nyuzi 40 badala ya 20, kuni zinazohitajika kufika 60 ni nusu. Siku ya mawingu, kuni zinamalizia.

7. Maji ya moto na watoto

Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza sana ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Katika karai, tangulizeni maji ya baridi, kisha ya moto, mpime kwa kiwiko. Mdomo wa kutokea uwe juu, mtoto asiufikie, na boila izungushiwe ua. Akiungua, mwageeni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Dawa ya meno, mafuta na unga viacheni.

8. Maagano ya kikundi

Boila nyingi haziharibiwi na kutu. Zinaharibiwa na ugomvi. Kabla ya kununua, andikeni katika daftari: nani anapata wa kwanza na kwa kura gani, nani anakagua paipu ya kupumulia kila mwezi, nani anasafisha masizi na chokaa, pesa ya matengenezo ni kiasi gani kwa wiki. Na kila nyumba inayopokea ioteshe miti ya kuni kwanza, kaliandra au mkabela, kando ya shamba. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alifundisha kwamba kuitunza dunia na kuwajali maskini hakuwezi kutenganishwa. Katika jambo hili tunaliona waziwazi: mti ukiisha, anayetembea mbali zaidi ni mama maskini.

Na wanaume wetu, tunawaomba jambo moja. Kama maji ya moto ni ya nyumba nzima, kuni nazo ziwe za nyumba nzima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, nani analeta kuni, na anatembea saa ngapi kwa wiki?

2. Je, kuna nyumba kati yetu inayolala na jiko la makaa? Nani ataitembelea, na lini?

3. Tupime: nyumba yangu inatumia lita ngapi za maji ya moto kwa siku?

4. Kwa pesa tuliyo nayo, ni heri boila moja kubwa kwa nyumba moja, au majiko ya udongo yenye mapipa madogo kwa nyumba nyingi?

5. Fundi wetu akiulizwa juu ya paipu ya kupumulia, anajibu nini?

Andikeni majibu, myalete kwenye mkutano ujao wa vikundi. Anayeweza kuchora, achore. Asiyejua kuandika, aseme na kijana amwandikie.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.